Tumerithi folda ya "lib" yenye msimbo wa watu wengine. Tuifanyeje?

"Habari za kazi mtaalamu. Tuna mradi wa programu huria ulioandikwa kwa C. Unapokea takwimu za vituo vya mvua, unazifungua na kuzihifadhi. Una miaka minane, mimi nimeurithi mwaka jana. Ndani yake kuna folda inaitwa lib yenye zlib (maktaba ya kubana na kufungua data), SQLite (maktaba ya hifadhidata) na kisomaji kidogo cha JSON, ule muundo wa kuandika data, ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi. Nimefungua zlib.h nikakuta toleo 1.2.8, na inflate.c inaonekana iliguswa na mtu wetu. Wiki iliyopita mtu anayejitolea Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, ametuandikia kwamba programu yetu itapata shida kuingia huko ikiwa imebeba nakala hizo. Mwenzangu mmoja anasema tugeuze zote ziwe submoduli za Git (chombo tunachotunzia historia ya msimbo), yaishe. Mwingine anasema tufute folda nzima, maktaba zishushwe mtandaoni wakati wa kujenga. Wengi wetu tunaishi kwa bando, na nusu ya watumiaji wetu wako Windows. Je, tumevunja sheria? Njia ipi ni sahihi? (Pembeni tu: programu inaendesha Python ndani yake kwa ajili ya ripoti, na mara moja moja faili la SQLite huharibika. Sidhani kama vinahusiana.)"

Pole kwa urithi huo. Umefunga maswali matatu kwenye furushi moja: kama mna kosa la kisheria, kama kubeba msimbo wa wengine ni kosa la kiufundi, na chombo gani kitawatoa hapo. Wenzako wawili wamerukia la tatu bila kupita kwenye mawili ya mwanzo. Hayo mabano yako ya mwisho nayo tutayarudia, maana mimi naona hapo ndipo penye moto.

Tuanze kwa kuondoa aibu. Kubeba msimbo wa mtu ndani ya mti wako si dhambi. Kerneli ya Linux ina zlib yake ndani, na zstd pia. Git yenyewe, sehemu inayolinganisha mafaili ilitoka kwenye LibXDiff ya Davide Libenzi na imekaa humo miaka yote hii kwa jina la xdiff. FreeBSD ina folda inaitwa contrib ambamo kumelala hadi LLVM nzima, zana za kujengea kompaila. Hao si wazembe. Wanabeba kwa sababu wanataka kujua hasa wanajenga kitu gani, na wanataka mtu aliyeshusha chanzo leo aweze kukijenga hata mtandao ukikatika. Kwa watu wa bando kama ninyi, sababu hiyo ya pili pekee inatosha.

Tofauti yao na ninyi iko mahali pamoja. Ukiingia kwenye folda ya third_party ya Chromium, kila mgeni ana faili lake linaitwa README.chromium: jina, anwani alikotoka, toleo, leseni, na mabadiliko yaliyofanywa baada ya kufika. Kwenu wageni wamepokelewa bila kuandikwa kitabuni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye msimbo mambo ni kinyume: mgeni akifika siku ya tatu, jembe unashika wewe. Na ninyi mko mwaka wa nane.

Sasa kwa nini mtu wa Debian analalamika? Wengi hudhani ni usafi wa kidini tu wa watu wa Linux. Angalia kilichotokea Machi 2002. Ilionekana kwamba zlib 1.1.3 na zilizotangulia zilikuwa zinaweza kuachilia kipande kilekile cha kumbukumbu mara mbili, jambo ambalo mshambuliaji angeweza kulitumia. Dawa ilikuwa ndogo, likatoka toleo 1.1.4. Programu iliyokuwa inaazima zlib ya mfumo ilipona siku ileile mfumo uliposasishwa. Lakini zlib ni kama chumvi, iko kwenye kila chungu. Programu nyingi zilikuwa zimeibeba ndani kwa nakala zao, kerneli ya Linux ikiwemo, na kila nakala ilibidi itafutwe na kutibiwa peke yake. Ndiyo maana sera ya Debian inasema kifurushi kisitumie nakala iliyobebwa pale ambapo maktaba yenyewe tayari iko kwenye Debian, isipokuwa kama maktaba hiyo imetengenezwa makusudi ibebwe namna hiyo. Historia ilijirudia Septemba 2023 kwa libwebp: tundu moja la kusoma picha, na vivinjari pamoja na programu nyingi za mezani zikalazimika kutoa matoleo mapya kila moja kwa wakati wake, kwa sababu kila moja ilikuwa na nakala yake tumboni.

Kuna kisa kingine cha zlib ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinawaumbua hata wale wanaosema "sisi tunasasisha kila toleo likitoka". Mwaka 2018 Mark Adler, mmoja wa waandishi wa zlib, aliweka kwenye repo (hazina ya msimbo) kiraka, yaani marekebisho, cha hitilafu ya kuharibu kumbukumbu upande wa kubana data. Hakikutoka kama toleo. Toleo la mwisho lilikuwa 1.2.11 la Januari 2017, na lililofuata, 1.2.12, lilikuja Machi 2022, baada ya watafiti wa usalama kugundua kwamba lile tundu bado liko wazi kila mahali. Miaka minne dawa ilikuwa kabatini. Aliyekuwa anahesabu matoleo peke yake alikuwa salama kwenye karatasi tu. Kwa hiyo ukibeba maktaba, unafuata mradi mama wenyewe: orodha yao ya barua, komiti zao (mabadiliko wanayoyahifadhi moja moja), na tahadhari zao za usalama. Mpe mtu mmoja kwa jina kazi hiyo. "Tutaangalia sote" maana yake hakuna anayeangalia.

Toleo lenu 1.2.8 ni la 2013. Usipanike lakini. Tundu lile la 2018 liko upande wa kubana. Ikiwa programu yenu inafungua tu yale yanayotumwa na vituo na haibani chochote, hapo hampitiwi nalo. Lingine, lililotibiwa kwenye 1.2.13 mwaka 2022, linawahusu wanaoita inflateGetHeader peke yao. Tafuta jina hilo kwenye msimbo wenu kwa grep, amri ya kutafuta maneno, dakika moja inatosha. Nakwambia haya si ili ubaki na 1.2.8. Nataka ujue unatibu ugonjwa gani, na ukiulizwa na mtumiaji uweze kujibu kwa ukweli kuliko kusema "tumesasisha kwa usalama".

Kabla ya kusasisha, tafuta kwanza mlibadilisha nini kwenye inflate.c. Usitegemee kumbukumbu za wazee wa mradi. Git inaweza kukujibu yenyewe. Shusha repo ya zlib pembeni. Kisha, ndani ya mradi wenu, andika:

git hash-object lib/zlib/inflate.c

Utapata heshi, ile namba ndefu ya herufi na tarakimu inayotokana na yaliyomo kwenye faili. Sasa nenda kwenye repo ya zlib uulize kama faili lenye heshi hiyo liliwahi kuwepo huko:

git log --all --find-object=HESHI

Fanya hivyo kwa kila faili. Yale ambayo hayakuguswa yatakuonyesha komiti yalikotoka, nawe utajua mlichukua toleo gani hasa, maana namba iliyoandikwa kwenye zlib.h inaweza kudanganya kama mtu alichukua katikati ya matoleo mawili. Yasiyojibu chochote ndiyo yaliyoguswa. Hayo yalinganishe na toleo lile kwa diff, amri ya kulinganisha mafaili, usome kwa macho yako.

Tahadhari mbili hapa. Kama mtu wenu alikuwa Windows, miisho ya mistari inaweza kuwa imegeuzwa na kila faili litaonekana limebadilika. Irudishe kwanza, ndipo ulinganishe. Ya pili nimeilipia mwenyewe. Kwenye mradi niliowahi kuutunza, mchangiaji mmoja mwenye nia njema aliendesha clang-format, chombo cha kupanga mwonekano wa msimbo, juu ya mti mzima, pamoja na folda ya wageni. Mabano yote yakahama, nafasi zote zikabadilika, na mabadiliko manne ya kweli yakazama ndani ya maelfu ya mistari ya urembo. Nilichukua siku tatu kuyatoa. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachoweka kwenye folda ya wageni ni faili la .clang-format lenye mstari wa DisableFormat: true.

Mara nyingi utakachokuta kwenye inflate.c ni kitu kidogo: mtu alinyamazisha onyo la kompaila, au aliongeza printf akasahau kuitoa. Kama ni hivyo, tupa. Kama ni marekebisho ya kweli, yaandike kama kiraka kinachojitegemea, kiwe na sentensi mbili za kwa nini, na kitumwe kwa mradi mama. Wakikipokea, umeshusha mzigo. Wakikikataa, angalau watakueleza sababu, na mara nyingine sababu hiyo itakuonyesha kwamba kosa lilikuwa kwenu.

Sasa lile la mabanoni. Umesema hudhani linahusiana. Mimi nadhani linahusiana sana, ingawa siwezi kuapa bila kuiona programu.

SQLite inalinda faili lake kwa kufuli za mfumo. Kwenye Linux na ndugu zake, kufuli hizo zina tabia moja ya ajabu iliyoandikwa kwenye kanuni za POSIX, zile za mifumo ya aina ya Unix: zinamilikiwa na mchakato mzima, na mchakato ukifunga faili hilo kupitia mlango wowote, kufuli zake zote juu ya faili hilo huachiliwa, hata zile zilizowekwa kupitia mlango mwingine ambao bado uko wazi. SQLite wanaijua tabia hii. Ndani yake kuna orodha ya siri ya mafaili yote yaliyofunguliwa na mchakato, ili isifunge mlango kizembe wakati mwenzake bado ameshika kufuli.

Orodha hiyo lakini iko ndani ya nakala moja ya SQLite. Kwenu, programu ina SQLite yake kutoka lib. Python mnayoiendesha ndani, ikiita sqlite3, huleta libsqlite3 ya mfumo. Nakala mbili, mchakato mmoja, orodha mbili zisizojuana. Ripoti inafungua faili la takwimu, inasoma, inafunga. Kwa kufunga huko, imeachilia kufuli ambayo nakala ya kwanza inaamini bado imeishika na iko katikati ya kuandika. Mchakato mwingine ukiingia wakati huo unakuta mlango wazi, nao unaandika. Waandishi wa SQLite wenyewe wanaitaja hali hii miongoni mwa njia za kuharibu faili. Na kwa kuwa inahitaji bahati mbaya ya sekunde, hutokea "mara moja moja", kama ulivyoandika.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo. Kutegemea mlivyounganisha programu, majina ya vitendaji vya nakala yenu yanaweza kuonekana nje, na Python ikadhani inaita SQLite ya mfumo kumbe inaita yenu ya zamani. Hapo hazigombani kufuli, ila matoleo. Kwa zlib hali hii ina dawa: kuna chaguo la Z_PREFIX linaloongeza z_ mbele ya majina yake yote ili nakala yako isigongane na ya jirani.

Kuthibitisha ni rahisi. Programu ikiwa inaendelea, na ripoti imeshaitwa angalau mara moja, andika grep sqlite /proc/PID/maps, ukiweka namba ya mchakato mahali pa PID. Ukiona libsqlite3 humo, wakati ninyi mmeibeba ya kwenu ndani, basi mko wawili. Chapisha pia sqlite3_libversion() kutoka upande wa C na sqlite3.sqlite_version kutoka upande wa Python. Namba zikitofautiana, ushahidi umekamilika. Zikilingana usishangilie: nakala mbili za toleo moja bado ni nakala mbili.

Dawa kwenye Linux ni kuunganisha programu na SQLite ya mfumo, ili Python na ninyi mtumie moja. Kwenye Windows kufuli hazina tabia ile ya POSIX, lakini nakala mbili bado zinaleta mgongano wa matoleo, na mimi ningetoa ripoti kwenye mchakato wake kabisa. Michakato miwili tofauti ikiligusa faili moja, kufuli hufanya kazi yake kama kawaida. Na wakati mnahangaika, waambie watumiaji wasifute yale mafaili yenye -journal au -wal mwishoni yanayokaa jirani na faili la data. Wengi huyafuta wakidhani ni takataka. Ni sehemu ya data, na kuyafuta baada ya programu kufa ghafla ni njia nyingine ya uhakika ya kuliharibu faili.

Tuje kwenye mapendekezo ya wenzako. La kufuta na kushusha wakati wa kujenga silipendi kwenu. Linamfanya kila anayejenga alipie bando, linavunjika anwani ikihama, na kwa Debian halisaidii kitu kwa sababu mashine zao hujenga bila kuruhusiwa kuingia mtandaoni. Mngeondoa nakala na bado msiingie.

Submoduli ni chombo halali lakini haifanyi wanachokidhani wengi. Ndani ya repo yenu submoduli si msimbo. Ni kipande kidogo kinachosema "hapa panahitajika komiti fulani", pamoja na faili la .gitmodules linalotaja anwani. Anayenakili repo bila kuongeza --recurse-submodules anapata folda tupu. Anayeshusha ZIP kutoka GitHub anapata folda tupu vilevile, na atawaandikia ninyi kulalamika, si GitHub. Faida yake ni kwamba inafunga toleo kwa heshi bila ubishi, na hakuna anayeweza kuigusa inflate.c kimyakimya, kwa kuwa badiliko lake halina pa kuhifadhiwa kwenye repo yenu. Kama timu ni ndogo na yenye nidhamu, inafaa. Kwa mradi wenye wachangiaji wa kupita kama wenu, mtajibu swali la "mbona folda ni tupu" kila wiki.

Ninachopendekeza kwa zlib ni git subtree. Anza kwa kuondoa nakala ya zamani kwenye komiti yake, kisha:

git subtree add --prefix=third_party/zlib https://github.com/madler/zlib.git v1.3.1 --squash

Msimbo unaingia kweli kwenye mti wenu, historia ya zlib haiji nayo kwa sababu ya --squash, na Git inaandika kwenye ujumbe wa komiti ilikotoka. Marekebisho yenu, kama yapo, yanafuata kwenye komiti ya pili, peke yake. Siku ya kusasisha mnatumia git subtree pull, na Git inaunganisha ya kwao na ya kwenu kama matawi mawili ya kawaida, pakigongana inawauliza. Kuna mtego mmoja: tawi lenye komiti hizi msilifanyie rebase, yaani kuandika upya historia yake, wala msilipitishe kwenye kitufe cha kubana komiti zote kuwa moja. Kamba inayounganisha na asili itakatika na hamtaiona mpaka siku ya kusasisha.

SQLite haihitaji hata hayo. Wenyewe hutoa faili moja kubwa, sqlite3.c, lililokusanywa makusudi ili watu walinakili kwenye miradi yao. Chukueni lote, msiguse hata nukta, linganisheni na heshi ya SHA3 iliyoko kwenye ukurasa wao wa kushushia, basi.

Kuhusu kuchukua vifurushi badala ya kilicho kwenye Git, kumbuka xz, programu ya kubana mafaili, ya Machi 2024. Mlango wa nyuma kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ulifunguliwa na faili la build-to-host.m4 lililokuwemo kwenye kifurushi cha tar lakini halimo kwenye repo. Aliyesoma repo asingeliona. Pale mradi mama unapotumia Git, chukua kutoka kwenye lebo ya toleo.

Kisha, na hili ndilo litakalomfurahisha mtu wa Debian, mpe anayejenga uchaguzi. Kama mnatumia CMake, chombo cha kuendesha ujenzi wa programu, wekeni chaguo la kutumia maktaba ya mfumo, liwe limewashwa kwenye Linux na limezimwa kwenye Windows. Likiwashwa, find_package(ZLIB) inaitafuta ya mfumo na folda yenu haiguswi. Git wenyewe walifanya hivi kwa msimbo wa kutambua migongano ya heshi za SHA-1 waliouingiza 2017: waliuweka kama nakala ya kawaida, wakauweka kama submoduli kwa anayetaka, na wakaacha njia ya kutumia ya nje. Mnapaswa pia kujaribu kujenga kwa njia zote mbili kila mara, la sivyo ile isiyotumika na wasanidi wenu itaoza. Nimeona chaguo la "tumia ya mfumo" ambalo halijawahi kujengwa hata mara moja tangu liandikwe.

Ndani ya kila folda ya mgeni weka faili fupi. Si lazima liwe la kifahari:

Jina: zlib
Asili: https://github.com/madler/zlib
Toleo: 1.3.1, lebo v1.3.1
Leseni: Zlib
Tulichobadilisha: hakuna
Mwangalizi: (jina la mtu, si "timu")

Nimebakiza sheria. Kwa zlib na SQLite, pumua. SQLite imeachwa kwa umma, haina masharti. Leseni ya zlib inataka mambo matatu: usidai umeiandika wewe, usiondoe tangazo lake, na ukiibadilisha useme wazi kuwa umebadilisha. La tatu mmelikosa kwa inflate.c, na linarekebishika leo kwa kurudisha faili la asili au kuandika mstari mmoja juu yake.

Kinachonitia wasiwasi ni kile kisomaji cha JSON. Watu wengi huamini msimbo usio na leseni ni wa kila mtu. Ni kinyume kabisa. Sheria za hakimiliki, za Tanzania na Kenya zikiwemo, zinalinda programu za kompyuta tangu zinapoandikwa, bila mwandishi kusajili wala kuandika lolote. Ukimya wake si ruhusa. Na kwa Debian jambo hili ni zito kuliko zlib, kwa sababu kila faili lazima lijulikane ni la nani na kwa leseni gani. Chukua jina la kitendaji lisilo la kawaida au maoni yenye kosa la tahajia, ulitafute kwenye injini za kutafuta msimbo. Makosa ya tahajia ni alama nzuri, hunakiliwa pamoja na kila kitu. Ukimpata mwenyewe na leseni yake ikiwa MIT, leseni nyepesi, rudisha tangazo lake na jina lake, mmemaliza. Usipompata, kitoe. cJSON ipo, ina leseni ya MIT, na kazi ya kubadilisha kwenye mradi kama wenu ni ya wikendi moja.

Hukusema mradi wenu una leseni gani. Kama ni GPL toleo la 2 peke yake, bila "au la baadaye", usilete maktaba yenye Apache 2.0, hizo mbili haziendani. Hapo, au kama mlishasambaza kisomaji kile ndani ya bidhaa mliyoiuza kwa mteja au serikali, acha kusoma majibu ya mtandaoni kama haya yangu ukakae na wakili anayejua hakimiliki, na umpelekee historia yote ya Git. Vivyo hivyo kwa data: kama kuna kituo ambacho faili lake limeharibika na hakina nakala nyingine, msijaribu-jaribu juu ya faili lenyewe. Zimeni programu, nakilini faili pamoja na jirani zake wa -wal na -journal, na mtafute mtu aliyewahi kutumia amri ya .recover ya SQLite akae nanyi mezani. Na mkigundua tundu la usalama ambalo tayari liko mikononi mwa watumiaji, msilitangaze kwanza kwenye uwanja wa wazi. Mwandikieni mradi mama kwa njia yao ya siri.

Kwa mpangilio, mimi ningeanza na SQLite kwenye Linux wiki hii kwa sababu data ya watu inaharibika, kisha JSON, kisha zlib. Na mtu wa Debian ningemjibu leo, kabla ya kugusa chochote, kwa maneno kama haya: "Asante kwa kutuandikia. Nakala zitabaki kwa ajili ya Windows, lakini tunaongeza chaguo la kutumia zlib na SQLite za mfumo. Kisomaji cha JSON tunakibadilisha kwa sababu hatujui leseni yake. Ungependa tukupe tawi la majaribio ulijenge upande wako kabla hatujatoa toleo?" Watu hao wanajitolea, wamezoea kujibiwa kwa hasira au kutojibiwa kabisa. Ukimpa tawi, kuna uwezekano mkubwa atakuletea viraka vya kujenga ambavyo ninyi mngevihangaikia mwezi.